Ni ualimu, udaktari au mpira?

Mama mmoja wa Tandika alinisimamisha siku ya maonesho ya vyuo vikuu. Mwanawe amemaliza kidato cha sita, anacheza kikapu, na amemwambia anataka kusomea saikolojia ya michezo. Mama hakuzunguka. "Mwalimu, niambie ukweli. Hicho kitu ni ualimu, ni udaktari au ni mpira?" Kijana alikuwa amesimama pembeni, anaangalia viatu vyake.

Nilimjibu harakaharaka kwa sababu watu walikuwa wengi, na tangu siku ile jibu langu linanikera. Swali lake lilistahili zaidi. Fani hii kweli inakaa katika nyumba tatu, na katika kila nyumba kuna watu wanaoamini kwamba mtoto ni wao. Anayetaka kuisomea, au mzazi anayetaka kujua ada yake inakwenda wapi, anahitaji kufunguliwa mafundo kadhaa. Mimi ni mhadhiri msaidizi, na kazi hii ndiyo ninayoamkia kila siku hapa Dar es Salaam. Nitayafungua kwa jinsi ninavyoyajua.

Majina mawili, kazi mbili

Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, 2:09:48, na picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua. Walitofautiana kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Wiki ile kila anayejua kazi yangu aliniuliza kilichokuwa kichwani mwa Simbu katika zile mita 100 za mwisho. Ndivyo wengi wanavyoielewa saikolojia ya michezo: dawa ya kumtia mchezaji moyo mgumu dakika ya mwisho.

Sehemu hiyo ipo, na ndiyo kongwe. Mwaka 1898 Norman Triplett, wa Chuo Kikuu cha Indiana huko Marekani, aliona kwamba waendesha baiskeli wanakwenda kasi zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Akawachukua watoto 40, akawapa magurudumu ya mshipi wa kuvulia samaki wayazungushe, mara peke yao, mara kwa kushindana. Watu huikumbuka nusu ya matokeo, kwamba ushindani uliwaongezea watoto kasi. Mimi huwasomea wanafunzi wangu nusu ya pili: wapo watoto ambao ushindani haukuwabadilisha chochote, na wapo ambao uliwavuruga wakapungua kasi. Kelele zinazomwinua mmoja zinamzamisha mwenzake, na hilo lilijulikana tangu karne ya 19. Baadaye, mwaka 1925, Coleman Griffith alifungua maabara ya utafiti wa wanamichezo katika Chuo Kikuu cha Illinois. Ilifungwa 1932, na fani ilisubiri hadi 1965 kupata mkutano wake wa kwanza wa kimataifa, mjini Roma.

Saikolojia ya mazoezi ni mdogo wake, na maswali yake ni mengine kabisa. Medali haziihusu. Inataka kujua kwa nini karani wa Posta anayejua kwamba presha yake iko juu bado hatembei hata nusu saa kwa siku, na kama akitembea, kitabadilika nini katika usingizi wake, hasira zake na huzuni yake. Jarida kubwa la fani lilianza mwaka 1979 likiwa na neno "michezo" peke yake kwenye jina. Neno "mazoezi" liliongezwa 1988.

Utafiti mmoja uliipa nguvu sana sehemu hii ya pili. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha matokeo ya watu 156 wenye miaka 50 na zaidi, wote wana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Waliwagawa makundi matatu: wa mazoezi, wa dawa iitwayo sertraline, na wa vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Dawa ilianza kusaidia mapema zaidi. Mazoezi yalichelewa kidogo, yakafika. Naomba nisieleweke vibaya, maana nimesikia watu wakiutumia utafiti huu kuwasema wagonjwa. Haumwambii mtu atupe vidonge alivyoandikiwa na daktari akaanze kukimbia Coco Beach. Unaonesha kwamba mwili ukisogea akili nayo husogea, na kwamba jambo hilo linapimika.

Kazi ngumu ni kuwafanya watu waendelee. Ni kauli ya siku nyingi katika fani kwamba karibu nusu ya wanaoanza programu ya mazoezi huiacha ndani ya miezi 6. Mtafiti Panteleimon Ekkekakis ametumia miaka mingi kuonesha sababu moja inayopuuzwa, nayo ni jinsi mtu anavyojisikia wakati zoezi lenyewe linaendelea. Mwili una kizingiti. Chini yake pumzi inatosha na watu wengi wanajisikia vizuri. Ukikivuka, pumzi inakuwa fupi na karibu kila mtu anaanza kuteseka. Aliyeteseka leo, kesho hafungi kamba za viatu.

Sasa nenda kaangalie mchakamchaka. Wikiendi alfajiri vikundi vya jogging vya Temeke, Mbagala na Kigamboni vinaingia barabarani na fulana za rangi moja, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia. Anayeweza kuitikia hajavuka kizingiti. Wimbo wenyewe ndio kipimo cha pumzi, na hakuna aliyehitaji mashine ya maabara kukipata. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wameandika kwa miongo kadhaa kwamba mtu hushikilia jambo kwa hiari pale anapohisi vitu vitatu: kwamba ameamua mwenyewe, kwamba analiweza, na kwamba ana watu wake ndani yake. Fulana na wimbo vinampa hao watu kabla jua halijachomoza.

Mchakamchaka huohuo wa shuleni, ukiwa na fimbo nyuma yake, unaondoa kile cha kwanza. Nimezungumza na watu wazima wengi ambao ukitaja kukimbia wanakumbuka adhabu tu: "Zunguka uwanja mara kumi!" Walifundishwa utotoni kwamba kukimbia ni deni la mkosaji. Wakifika miaka 45, daktari anawaambia wakimbie, na mwili unakumbuka fimbo. Kama kuna jambo moja ningeomba walimu wetu wa shule za msingi waliache kesho asubuhi, ni hilo.

Mwanafunzi mmoja, ratiba mbili

Ukiacha saikolojia ya michezo na ya mazoezi, kuna sehemu ya tatu, nayo ndiyo ninayoifanya zaidi: ustawi wa mwanafunzi ambaye pia ni mwanamichezo wa chuo. Sehemu kubwa ya tunayosoma kumhusu huyu mtu imeandikwa Marekani, kwa hiyo lazima ujue kule kukoje kabla hujabeba hitimisho lao kulileta Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kule michezo ya vyuo inasimamiwa hasa na NCAA, chombo kilichoanzishwa 1906 na ambacho leo kina wanamichezo zaidi ya 500,000. Kijana anaweza kusomeshwa kwa sababu ya miguu yake. Suleiman Nyambui wetu alipitia njia hiyo: alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, na ndiye aliyetuletea fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980. Tangu 1991 kuna kanuni kwamba shughuli za timu zisizidi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, ingawa wachezaji wa daraja la juu wakiulizwa wenyewe hutaja saa nyingi zaidi. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Na mwaka 2016 ulitoka mwongozo wa afya ya akili ambao mimi nauona ni mzuri: awepo mtaalamu mwenye leseni, iwepo njia ya kumfikia ambayo kila mtu anaijua, kuanzia kocha hadi anayefunga bandeji, wachezaji wachunguzwe kabla ya msimu, na timu iwe mahali ambapo kusema "sipo sawa" hakumnyang'anyi mtu namba yake.

Mchezaji wa chuo wa Dar hakuingia chuoni kwa miguu. Wengi walicheza UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, wakaonekana, lakini udahili wameupata kwa alama za kidato cha sita, na ada inalipwa na wazazi au Bodi ya Mikopo. Hakuna anayemlipa kucheza. Ukidhani hilo linampunguzia mzigo, kaa naye wiki moja. Kipindi cha kwanza saa 1 asubuhi. Mazoezi saa 10 na nusu jioni, na hayasogezeki kwa sababu uwanja hauna taa. Saa 1 usiku yuko kwenye foleni ya mwendokasi au ananing'inia kwenye daladala kurudi geto, Kimara au Gongo la Mboto. Saa 3 anafungua daftari. Mashindano ya vyuo yakifika anasafiri siku kadhaa, na akirudi anakuta mhadhiri ameshamwandikia sifuri kwenye jaribio lililompita.

Kwa hiyo hofu zao hazifanani. Mmarekani anaogopa mchezo ukifa na ada itakufa nao. Wa Dar anaogopa mchezo utampeleka kwenye sapu, mitihani ya marudio, na sapu zikizidi atadisko, yaani ataondolewa chuo, na nyumbani watasema ni mpira. Nimewaona wachezaji wanaoficha jezi wanapokwenda likizo. Mtafiti anayekuja na maswali ya Marekani atawauliza kuhusu shinikizo la ufadhili na la mashabiki, watajibu "hapana, hapana, hapana", naye ataandika kwamba wanafunzi wa Dar es Salaam hawana msongo.

Halafu kuna tumbo. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa jina hali ya mwili wa mwanamichezo kupata nishati ndogo kuliko anayoitumia. Mifupa inadhoofika, majeraha hayaponi, hisia zinayumba, hedhi inakatika. Katika machapisho ya ng'ambo kisa cha kawaida ni cha msichana anayejinyima ili awe mwembamba. Mimi nilikutana na mkimbiaji wa mita 800 ambaye hakuwa na haja ya kukonda hata kidogo. Bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, lilikuwa limechelewa. Alikuwa anakula mara moja kwa siku, chipsi kavu saa 8 mchana, kisha anakwenda kukimbia. Hedhi ilikuwa imekatika miezi minne. Aliniambia kwa furaha kabisa: "Si inaonesha niko fiti, mwalimu?"

Dodoso la kawaida lingemuuliza anaonaje umbo lake, naye angejibu kwamba analipenda. Lisingemwona. Swali lililomwona lilikuwa: "Jana ulikula nini, na saa ngapi?" Tulimpeleka kwa daktari wiki ileile.

Kuchoka kupi?

Nikiulizwa sehemu gani ya kazi hii inahitaji msomi wa hapahapa, nitajibu bila kusita kwamba ni lugha.

Kuna jambo ambalo fani imelichunguza tangu miaka ya 1980, la mchezaji kuishiwa kabisa, akauchukia mchezo aliokuwa anaupenda. Ronald Smith aliliandikia maelezo yake mwaka 1986, Thomas Raedeke akaliendeleza 1997, na mwaka 2001 likapata dodoso lake la maswali 15 ambalo sasa linatumika dunia nzima. Dodoso hilo hupima sehemu tatu: mwili na hisia kuchoka hadi mwisho, kuona kwamba hufanikiwi tena, na mchezo kupoteza thamani machoni pako.

Nililitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, wiki mbili na kamusi mbili. Nikalipeleka kwa timu ya mpira wa pete. Tulikuwa chini ya mwembe pembeni ya uwanja, wasichana kumi na wawili wamekaa chini, dodoso juu ya mapaja. Mfungaji wao, msichana mrefu mwenye plasta kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia, alikuwa anajaza haraka kuliko wenzake. Alipofika swali la nne kalamu ilisimama. Ikabaki hewani, ncha yake juu ya kisanduku, haishuki.

"Dada, hapa mmeandika nimechoka. Kuchoka kupi?"

Nikamwambia, kuchoka kwa sababu ya mchezo. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemsikitikia mwalimu wake.

"Kuna kuchoka kwa leo, nikilala kunaisha. Kuna mwili kugoma. Na kuna ile, unajua, mpira umenitoka moyoni. Sasa hapa nijaze ipi?"

Wenzake wote waliinua macho. Hakuna aliyekuwa anaandika tena.

Sikuwa na jibu la kumpa. Kwa pumzi moja alikuwa amegawanya jambo vizuri kuliko tafsiri yangu. "Mwili kugoma" ni sehemu ya kwanza ya dodoso la 2001. "Mpira kunitoka moyoni" ni ya tatu, na ina ladha ambayo hakuna kamusi ingenipa, maana inakubali kwamba mpira ulikuwa moyoni kwanza. Nikaomba tuweke karatasi chini tuzungumze. Sehemu ya pili, ile ya kuona hufanikiwi, nikaielezea kwa kirefu, na mlinzi wao akanikatiza: "Ah, kutwanga maji kwenye kinu." Wote wakacheka kwa kukubaliana. Ningeweza kukaa na kamusi zangu mwaka mzima nisiufikie msemo ambao bibi yangu aliutumia kila wiki.

Wazimbabwe wametutangulia katika hili. Dixon Chibanda na wenzake, katika mradi wao wa Benchi la Urafiki ambao bibi waliofundishwa wanakaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, hawakuanza na neno sonona. Walianza na neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, kwa sababu ndilo ambalo watu walikuwa wanalisema tayari. Majaribio yao yalichapishwa 2016 na yalionesha nafuu ya kweli. Nasi tuna la kwetu. Mtu wa Dar hasemi ana sonona. Anasema "nina mawazo". Anayejua Kiswahili husikia papo hapo kama ni mawazo ya kodi ya nyumba au ni mawazo ambayo yamekaa siku nyingi na hayataki kuondoka. Kulipima hilo kwa uhakika ni kazi ya miaka.

Hata kipimo ambacho tayari kipo kwa Kiswahili kina mtego wake. Dodoso la maswali 9 la sonona, linaloitwa PHQ-9, limetafsiriwa na kujaribiwa hapa Tanzania, na nalitumia. Ila linauliza kuhusu uchovu, usingizi na hamu ya kula. Mwanafunzi aliyefanya mazoezi mara mbili kwa siku wiki nzima atasema ndiyo kwenye uchovu hata kama ana furaha ya Iddi. Ndiyo maana wataalamu wa Olimpiki walitengeneza zana yao ya uchunguzi, inayoanza na maswali ya wanamichezo wenyewe kabla ya kufika kwenye haya ya jumla. Msomi wa fani hii anatumia sehemu kubwa ya maisha yake hapa: kutafuta swali ambalo mtu aliyechoka na mtu aliyevunjika watalijibu tofauti.

Nusu ya pili ya hadithi ya Akhwari

Nilikuwa mwaka wa pili, nacheza mpira wa pete nafasi ya GA, mshambuliaji wa goli, na hata kantini waliniita GA. Goti likavimba. Kocha wetu wa wakati ule alikuwa mtu mwema, sina kinyongo naye, lakini alitukalisha akatusimulia habari za John Stephen Akhwari. Kila Mtanzania anaijua. Mexico City, 1968, marathoni ya Olimpiki. Akhwari aliangushwa njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa nzima kabla yake. Jua limezama, watu wachache uwanjani, yeye anaingia anachechemea. Akasema nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Nililia, nikafunga goti, nikacheza mechi mbili zaidi. Sijacheza tena.

Sitaki mtu adhani nakidharau alichofanya Akhwari. Nakiheshimu sana. Ninacholalamikia ni kwamba tunaisimulia nusu. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1970 mjini Edinburgh, Akhwari huyohuyo alikuwa wa tano kwenye marathoni kwa saa 2:15:05. Goti lile lilipona. Hakuna anayewasimulia wachezaji wa chuo habari za Edinburgh.

Julai 2021, tena Tokyo, kwenye Olimpiki, Simone Biles, mchezaji wa jimnastiki wa Marekani, alijitoa katikati ya fainali ya timu kwa sababu akiwa hewani hakujua tena mwili wake uko wapi. Wapo waliomwita mwoga. Paris 2024 aliondoka na dhahabu tatu. Kwangu mimi yeye na Akhwari hawapingani: mmoja aliendelea, mmoja alisimama, wote walirudi. Kinachomuumiza mchezaji ni kufundishwa kwamba mlango ni mmoja tu.

Kilichonipata baada ya goti kina jina lake pia. Mwaka 1993 Britton Brewer, Judy Van Raalte na Darwyn Linder walichapisha kipimo cha kiasi ambacho mtu anajiona ni mwanamichezo kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Utambulisho huo ukiwa na nguvu unamsaidia kujituma. Ukiwa ndio pekee alionao, jeraha linamwondolea zaidi ya goti. Wiki zile nilikuwa napita nyuma ya bweni ili nisiuone uwanja. Hakuna aliyeniita GA tena na sikujua waniite nani. Nilikuja kulisoma jina la hali ile maktabani, nikiwa namaliza shahada, na nadhani siku ile ndiyo nilipochagua kazi.

Kazi yenyewe

Narudi kwa mama wa Tandika. Marekani kwenyewe watu wa fani hii wamegawanyika: wapo wanaokaa idara za elimu ya viungo, ambao ni watafiti na wakufunzi wa mbinu za akili, na wapo wanaotoka idara za saikolojia wenye leseni ya kutibu. Cheo cha mwanasaikolojia kule kinalindwa na sheria, na mtu wa kundi la kwanza hawezi kujiita hivyo kwa wateja. Kwetu mgawanyiko ni huohuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, iliyo ndani ya Shule Kuu ya Elimu. Anayetaka kutibu anatakiwa aelekee kwenye saikolojia tiba, ambayo Muhimbili inafundishwa katika ngazi ya uzamili. Kijana achague mapema anataka mlango upi, kwa sababu kubadilisha njiani kunagharimu miaka.

Akichagua utaaluma kama mimi, ngazi ni hizi: mkufunzi msaidizi, ambapo matangazo ya kazi huwa yanataka GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5. Mhadhiri msaidizi baada ya uzamili. Mhadhiri baada ya uzamivu. Kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Kinachokupandisha ni makala zilizochapishwa, siyo idadi ya wachezaji uliowasaidia. Hilo linaniuma, na nalisema wazi kwa wanaoanza. Mshahara unatoka kwenye ufundishaji. Timu hazikulipi.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vinalieleza kirahisi na uwanja unalifanya gumu, nalo ni siri. Kocha anakuvuta pembeni dakika kumi kabla ya mechi: "Mwalimu, yule binti ana nini? Niambie tu mimi." Anakuuliza kwa mapenzi. Pengine ndiye aliyekupa ruhusa ya kuingia uwanjani. Huwezi kumwambia bila idhini ya mwenyewe, isipokuwa pale maisha ya mtu yako hatarini. Nawajibu makocha wangu kila mara: "Muulize yeye, nami nitamsaidia akujibu." Wengine walinuna msimu mzima. Wachezaji waliponiona nimekataa mbele ya macho yao, ndipo walipoanza kuja.

Hawaji ofisini lakini. Korido ni moja, na anayeonekana anabisha kwenye mlango wangu ameshajulikana kabla hajakaa. Kwa hiyo tunatembea. Baada ya mazoezi mtu anasogea karibu nami kama ananyoosha misuli, tunazunguka uwanja mara mbili au tatu, tunaongea tukiangalia mbele. Mazungumzo ambayo mezani yangechukua mwezi kuanza, uwanjani huanza kwenye kona ya pili. Yakinizidi, na huwa yananizidi, ninayo namba ya mwanasaikolojia tiba na ninamsindikiza mwanafunzi mwenyewe hadi mlangoni.

Dodoso la mpira wa pete sasa lina sehemu tatu, na maneno ya swali la nne ni ya wale wasichana. Bado linajaribiwa na timu nyingine mbili. Yule kijana wa kikapu, kama bado anataka, tunakuwa uwanjani Jumanne na Alhamisi saa 10 na nusu jioni. Aje na daftari. Viatu vya mazoezi pia, maana tunaanza kwa kukimbia, na atatakiwa kuitikia wimbo.